Kofia ya Baba Mkwe

Mlimani tunamwita Sufuria. Mtaani kwake wanamwita Bwana Kilele. Ni mtu yule yule mmoja, mwenye kitambi kile kile na masharubu yale yale yanayonuka vitunguu, lakini majina hayo mawili hayakuwahi kukaa meza moja, na yeye ndiye aliyehakikisha hayakutani.

Mimi ni kiongozi wa wapanda mlima. Kazi yangu ni kutangulia mbele na kusema "polepole" mpaka wageni wanichukie. Sufuria ni mpishi wetu, na katika kazi hii mpishi ana mwisho wake: ile kambi ya juu kabisa, kabla ya kilele. Hapo anabaki. Sisi tunapanda na wageni, yeye anamenya karoti, na tukirudi nyuso zimegeuka majivu tunamkuta na supu ya moto. Ni utaratibu mzuri, maana mtu anayeshuka kutoka kule haulizi habari za dunia, anauliza supu. Kwa hiyo Sufuria ameupanda mlima ule miaka na miaka, na kilele hajakikanyaga hata kwa bahati mbaya.

Balaa lilianza siku alipokwenda kuposa. Baba wa binti, mkata tiketi mstaafu wa treni, alikuwa na mapenzi na ule mlima. Aliweka kiti chake dirishani, mguu wake mbovu juu ya stuli, akiutazama kila asubuhi kama abiria aliyeachwa stesheni. Alipoambiwa mposaji anafanya kazi mlimani, aliuliza swali moja tu: "Juu umefika?" Sufuria akakohoa. Mjomba wake aliyekuja kumsemea akadakia, "Nani, huyu? Kule juu ni kama uani kwake!" Sufuria angeweza kusahihisha. Hakusahihisha. Mzee akamshika mkono kwa mikono miwili, na habari ya kwamba mposaji hana hata kabati la nguo haikuulizwa tena.

Tangu hapo chuku ikawa inazaa chuku. Kila alipokwenda ukweni, mzee alimvutia kiti. "Hebu nieleze, mwanangu, kule juu kukoje?" Naye anaeleza. Nilimsikia mwenyewe siku moja nilipoalikwa chai: mawingu yanavyolala chini ya miguu, jua linavyochomoza likiwa jekundu, upepo unavyotaka kung'oa kope. Vyote alivisikia kwetu, akaviunga vizuri kutushinda sisi tulioviona. Nikanywa chai yangu. Mimi si mtu wa kuvunja nyumba ya mwenzangu kwa sababu ya mawingu.

Kisha mzee akaugua. Siku chache kabla hajafariki alimwita mkwewe, akampa kofia yake ya kazi, ya buluu, yenye ukingo mweusi unaong'aa. "Mguu umenikatalia," akasema. "Lakini kofia yangu na ifike. Uipeleke kwa mkono wako, si kwa mkono wa mtu." Sufuria akalia, akaipokea. "Ihesabu imefika, baba."

Baada ya msiba kofia ikapanda mlima. Ilipanda ndani ya sanduku la viungo mpaka kambi ya mwisho, ikashuka. Ikapanda tena, ikashuka tena, ikaanza kunuka bizari. Asubuhi moja Sufuria alijipa moyo, akatufuata nyuma kimyakimya. Alifika kwenye mwamba wa kwanza, pumzi ikamwishia, akatapika uji wote, akarudi kambini kwa magoti. Wapagazi walicheka safari nzima. Siku hiyo ndiyo aliyoniambia habari za kofia, na ndiyo siku alipokata tamaa ya kilele. Mama mkwe alipomwuliza kama imefika, alijibu bila kupepesa macho: "Iko juu, mama. Nimeikandamiza kwa mawe. Upepo hauiwezi."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa ngazi za ofisi yetu, chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Asubuhi moja mama mmoja alizipanda bila kushika ukuta. Mrefu, mwembamba, miwani imefungwa uzi shingoni. Akaweka mkoba wake mezani.

"Mimi ni mkunga mstaafu," akasema. "Nataka kupanda mlima. Nataka kuiona kofia ya marehemu mume wangu."

Uani kulikuwa na mtu anasugua vyombo. Nikasikia sufuria kubwa likianguka chini, likaviringika mpaka ukutani.

Baadaye nilimkuta amelikalia lile sufuria, amelipindua.

"Kaka, nimekwisha."

"Mwambie ukweli."

"Mama yule? Yule anampiga mtu kofi siku anayozaliwa, hata hajamkosea! Mimi niliyemkosea atanifanya nini?"

"Basi unataka nini?"

"Mwambie moyo wake haufai kwa mlima."

"Daktari keshampima. Ana moyo kutushinda mimi na wewe."

"Basi nichukulie kofia wewe. Tangulia nayo, uikandamize kwa mawe."

"Mzee alisema kwa mkono wa nani?"

Akainuka. Alianza kusugua tena lile sufuria ambalo tayari lilikuwa linang'aa.

Siku ya safari mama alikuja na fimbo na viatu alivyovizoesha kwa kuzunguka uwanja wa mpira. Pamoja naye walikuwepo wageni wawili, bwana na bibi harusi, ambao kwa sababu wanazojua wenyewe walileta fungate lao mlimani, na walikuwa wamenuniana hata kabla hatujaanza kutembea. Nikawapa wote maneno yangu ya siku zote: kunyweni maji, tembeeni polepole, na kila kinachopanda na sisi kinashuka na sisi, hatuachi kitu mlimani.

Mama akanyoosha mkono. "Hata kofia?"

"Hata ganda la pipi, mama," nikasema, ulimi ukitangulia akili. "Askari wa hifadhi hupita kule juu wakiokota."

"Na mtu akikandamiza kitu kwa mawe?"

"Huyo atakuwa si mtu wa kazi hii."

Nyuma yangu Sufuria akapaliwa na mate yake mwenyewe. Mama akamgeukia, akampiga mgongoni mara mbili, kikazi, kisha akaokota fimbo yake.

Njiani Sufuria alijaribu kila alichojaliwa. Kwanza alijaribu kumshibisha ili azidiwe na usingizi: uji, mayai, viazi vya kukaanga, maandazi juu yake. Mama alikula vyote, akashukuru, na kesho yake akatembea vizuri zaidi. Kisha akajaribu kumtisha. Jioni moja ndani ya hema la chakula alimsimulia upepo wa kileleni uliombeba mtu mzima na mzigo wake.

"Ulimwona?" mama akauliza.

"Kwa macho yangu haya."

"Wewe hukubebwa?"

"Mimi... nilikuwa nimeshika mti."

"Kileleni kuna mti?"

Sufuria akasema anakwenda kuangalia maji yaliyo jikoni. Maji hayakuwepo jikoni, yalikuwa mezani mbele yetu.

Tulipofika kambi ya mwisho bwana harusi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili na hakumbuki jina la mkewe, jambo lililozidisha ununaji. Huo ndio ugonjwa wa mlima, hewa ikiwa haba. Nikaamua washuke mara moja, na msaidizi wangu akashuka nao. Sasa utaratibu wetu unataka watumishi wawili kwa kila safari ya kileleni, ili mmoja akipatwa na jambo mwingine awepo. Nikawatazama wapagazi nichague. Mama hakunipa nafasi.

"Unatafuta nini, kiongozi? Si yupo mkwe wangu? Kule juu ni kama uani kwake."

Wapagazi wakatazama chini. Mmoja akauma ukingo wa koti lake.

"Mama," akasema Sufuria, "na supu?"

"Atapika mwingine. Karoti ni karoti."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikwenda kwenye sanduku la viungo, akatugeuzia mgongo, na aliporudi kifua chake kilikuwa kimevimba upande mmoja.

Mimi sipandishi watu gizani, kwa hiyo tulitoka kulipopambazuka: mimi mbele, mama katikati, Sufuria mkiani. Kufika mwamba wa kwanza akanisogelea. "Kaka, acha nitangulie," akaninong'oneza. "Nitasema naangalia njia. Mtanikuta juu, kofia iko chini ya mawe, mambo yameisha." Kabla sijafungua mdomo akatupita anakimbia, mikono inapiga hewa.

Kwenda mbio si kufika. Tulimkuta kwenye kona ya pili ameketi, midomo imepauka, anavuta hewa kama mvukuto uliotoboka. Nikainama nimpime, lakini mama alikuwa ameshamshika mkono na kutazama saa yake. Akamfunua macho, akamwuliza jina la mkewe, akamsimamisha na kumtembeza kwenye mstari.

"Ugonjwa hana," akaniambia. "Huyu ana woga na mbio tu. Haya, mwanangu. Vuta pumzi kwa pua. Itoe kwa mdomo, kama unapoza uji. Taratibu."

Akavuta. Akatoa. Akataka kukimbilia tena.

"Usisukume! Nani kakuambia usukume? Wakati bado!"

Na ndivyo tulivyopanda. Nimepeleka juu wanajeshi, watu wa mazoezi, hata mtu mmoja aliyekuwa anapiga zumari njia nzima, lakini sijapata kuongoza safari ya namna ile. Mama anahesabu pumzi, mkwe anaguna kwa utii. "Vizuri. Pumzika. Sasa nyingine. Usinikunjie uso, si mimi niliyekupa." Nililazimika kutazama mbele tu, maana ningegeuka ningecheka na ningeanguka.

Bango la kilele lilipoanza kuonekana, dogo, limeinama kidogo, Sufuria alisimama. Miguu ilikuwa haijamshinda. Alikuwa ametazama yale mawe pembeni ya bango, ambayo hayakukandamiza chochote. Akaketi chini, akaingiza mkono kifuani, akatoa kofia ya buluu. Ilikuwa imejikunja na ina doa la bizari.

"Mama, kofia hii hapa," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Haijafika. Mimi mwenyewe sijafika. Sijawahi kufika hata siku moja. Nilimdanganya baba mpaka anakufa."

Mama akaweka fimbo chini, akaketi kando yake.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kabla hujaoa. Nani aliwazalisha wake wa wapagazi wenu? Mwanamke akishikwa na uchungu husema yote, ya kwake na ya jirani. Kila mwaka naambiwa mume wa fulani anabaki kambini na Sufuria, wanamenya karoti."

Sufuria akafuta pua kwa mkono wa koti. "Afadhali baba hakujua."

"Baba yako? Nililala naye kitanda kimoja miaka yote ile, siri ningeificha chini ya mto? Alijua. Alikuwa akicheka ukishaondoka. Anasema, huyu kijana hajafika, lakini ananifikisha." Akaichukua kofia, akaipangusa doa kwa kidole. "Ila alisema hataki kukuacha nusu ya njia. Akaniambia, nitampa kofia, itampandisha. Kofia ilikuwa ya kukupandisha wewe. Nikangoja. Nikangoja mwaka mzima, mwanangu, unaileta nyumbani inanuka mchuzi, nami naambiwa iko juu, chini ya mawe. Magoti yangu hayangoji. Ndiyo maana nimekuja."

Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Ilikuwa imefungwa.

Mama akasimama, akampa mkono. "Haya. Sasa ndiyo wakati. Sukuma!"

Na akasukuma. Alipanda kipande kile cha mwisho akipiga kelele mfano wa mtu anayezaa kweli, na alipolishika bango alilikumbatia kwa mikono yote miwili akakataa kuliachia. Mama akaivalisha kofia juu ya bango, ukingo ukitazama bondeni, kule liliko dirisha lao. "Haya, bwana," akaiambia. "Treni imefika." Tukasimama pale. Mawingu yalikuwa chini ya miguu yetu, kama alivyokuwa akieleza.

Ilibidi niseme, ndiyo kazi yangu. "Mama, samahani. Hatuachi kitu."

"Nani kasema tunaacha?" Akaitoa kofia kwenye bango, akamvika mkwewe. Ilimbana kidogo masikioni.

Kambini tulipewa supu ya mpagazi, maji yaliyosikia habari za karoti. Sufuria alikunywa mabakuli mawili, na tangu siku hiyo supu yake imekuwa nzito zaidi.

Juzi nilipita kwao. Mama mkwe alikuwa amemkalisha kwenye kile kiti cha dirishani, kofia kichwani. "Hebu nieleze," akamwambia, "kule juu kukoje?"

"Mama, si ulikuwepo?"

"Nieleze hivyo hivyo."

Akaanza. Akasema mawingu, akakwama. Akasema palikuwa na baridi, halafu palikuwa na bango, halafu akatafuta maneno na hakuyapata. Yeye aliyekuwa bingwa wa kueleza! Alieleza vibaya kuliko siku zote nilizowahi kumsikia. Mama mkwe akavuta stuli ya marehemu, akaikalia, akamwambia aanze tena mwanzo.