Kioo cha Chumvi na Dole la Mama

Kioo nilichompelekea mama Ngamiani, Tanga, kumwonyesha kilikuwa kidogo kama kifuniko cha soda. Nilikitengeneza mwenyewe maabarani, kwa kuyeyusha chumvi za kloridi. Nikamweleza kwamba chembe zake ni nzito na zimeshikana kwa ulegevu, ndiyo maana joto lisiloonekana kwa macho, hata la kiganja chake, linapita humo, ilhali kioo cha dirisha hulizuia. Sikumwambia kwamba ulegevu huohuo ndio unaoyaachia maji yakile.

Kwetu kitu cha msafiri hakitoki nyumbani bila kusafishwa na kutiwa harufu nzuri. Asubuhi ya kuondoka nikamkuta amekitoa kwenye kikopo chake kikavu, amekisuuza kwa maji ya marashi ya mawaridi, anakipangusa kwa ncha ya leso. Kilikuwa kimeshaingia ukungu.

"Mama, umekiharibu! Nani alikwambia ukiguse?"

Nilimpigia kelele, mimi ambaye sikuwahi kumjibu vibaya.

"Niwie radhi, mwanangu. Nilitaka kinukie kwetu."

Nikaondoka bila kumbusu mkono. Niliporudi Tanga, nilirudi kuzika.

Wenzangu wa maabara wananiambia kukisugua upya kwa unga mkavu wa kung'arishia ni kazi ya nusu saa. Najua, nimewafundisha mimi. Lakini pale maji yalipokila, alama ya dole gumba la mama imebaki, na mistari yake yote. Nimekifungia pakavu. Nikikitoa nakishika pembeni, kwa kitambaa, nisije nikamfuta.