Kishamba cha Ufuta Nyuma ya Jiko

Baba alipokitaka kile kishamba cha ufuta nyuma ya jiko letu apande kahawa, nilipaswa kukataa. Nilikubali.

Ilikuwa Igamba, zamani za Waingereza, miaka ambayo kila mzee wa Mbozi alitafuta miche ya kahawa. Mke wangu nilimwoa upande wa Chitete, kwenye joto, na mama yake alimpa kibuyu cha mbegu ya ufuta mweupe aje nacho. Majirani walimcheka. "Ufuta wa bondeni utatetemeka huku kwetu!" Yeye akachagua mahali penye jua kutwa, ukuta wa jiko ukikinga upepo, na ufuta ukazaa.

Mafuta yake hayakupitia motoni. Wengine walikaanga mbegu kwanza ili zitoe mafuta upesi. Yeye alizianika, akazitwanga mpaka zikawa kama uji mzito, akanyunyizia maji ya uvuguvugu na kukanda kwa kiganja muda mrefu, hadi mafuta yakajitenga, akayachuja kwa kitambaa. Hakuyapikia. Aliyamimina juu ya maharage yaliyokwisha kuepuliwa, au majani ya maboga, na ugali ulishuka wenyewe. Mashudu aliyachanganya na mboga. Mtoto wetu wa kwanza alikonda alipoachishwa ziwa. Akawa anatiliwa kijiko cha mafuta hayo kwenye uji kila asubuhi, mashavu yakajaa, ngozi ikalainika. Shuleni, nilikosoma hadi darasa la kumi, tulifundishwa kwamba mtoto hukua vizuri akipata mafuta. Kwangu niliyaona hayo kwa macho.

Kwa hiyo maneno ya kumweleza baba nilikuwa nayo.

Alikuja asubuhi, akachomeka fimbo yake katikati ya ufuta. "Kahawa inapataka hapa," akasema. "Au mkeo atanuna?" Akacheka.

Kwa desturi yetu mkamwana hasemi na baba mkwe, wala hakai machoni pake. Mke wangu alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa fito, na nilisikia mchi wake umesimama. Siku ile hakuwa na mdomo mwingine isipokuwa wangu.

"Hawezi kununa, baba," nikasema. "Panda tu."

Baba alipokwisha kwenda, mke wangu alitoka, unga mikononi.

"Msomi wangu," akasema, "madarasa kumi yote, ukakosa la kusema?"

"Nitakulimia pengine. Mwakani."

"Haya. Mpaka hapo utamimina kahawa kwenye maharage."

Tulicheka wote wawili, nikadhani yameisha.

Kahawa ilistawi. Ilituezekea nyumba kwa bati na kusomesha watoto, na nikisema tuliishi kwa dhiki nitakuwa mwongo. Kibuyu cha mbegu yake kilining'inia juu ya meko, mdomo umezibwa kwa samadi na majivu, nami kila msimu nikasema mwakani. Nilipokuja kumlimia kweli, mbegu zilikuwa zimekaa miaka mingi mno, haikuchomoza hata moja. Mama yake alikwisha kufariki, na ndugu zake walikuwa wamehamia ng'ambo ya Tunduma, walikolima karanga tu. Mke wangu akanunua ufuta mwingine gulioni, akakamua, tukala, mafuta yakawa mazuri. Hayakuwa yale.

Tulizeeka pamoja kwa utani mwingi. Lakini dada zangu walipomwonea kuhusu zamu ya maji, alimtuma mama yangu akamsemee. Baba alipomzuia kwenda kumzika shangazi yake, alimtuma mdogo wangu. Mimi alinipikia, alinitania, aliniuguza nilipolala kitandani. Kunituma, hakunituma tena hadi alipofariki. Jibu nililompa baba asubuhi ile liliipoteza mbegu ya mama yake, na likanipotezea kazi ya kumsemea mke wangu.