Mtaro Umesimama Kwenye Ua Wangu

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu, kwa maana wengi niliowafundisha wamo humu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, na ninaishi nje kidogo ya Eldoret, upande wa kuelekea Plateau. Nina mke, shamba la mahindi na ng'ombe wachache. Sina desturi ya kuanika mambo ya nyumbani kwangu, lakini nimeshikwa na wivu, na neno hilo ninaliandika bila kulipamba.

Huku kwetu wanawake huteka maji bondeni, kisha hupanda nayo mlima. Nilisikia kanisani kuhusu shirika moja la hisani linalosaidia vijiji kuvuta maji. Ni mimi niliyelitafuta mjini. Ni mimi niliyewateremsha vijana wake bondeni nikawaonyesha chemchemi. Kazi yao ni safi, sitawasingizia. Wao huleta mabomba, pampu, tangi na fundi. Sisi huchimba mtaro, kila nyumba kipande chake. Wana sharti moja: mtaro haupiti katika shamba la mtu mpaka mwenyewe achimbe jembe la kwanza mpakani mwake, watu wakiona, ili kesho asije akasema alilazimishwa.

Ikafika siku ya kuchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Nimekuwa mwenyekiti wa shule, wa kanisa na wa barabara. Sikuona haja ya kumwomba mtu kura. Afisa wa shirika, msichana aitwaye Cheptoo, alisema tupige mlolongo, yaani kila mgombea asimame na wanaomtaka wapange foleni nyuma yake. Aliyesimama kushindana nami ni mama mmoja nitakayemwita Nafula. Ni mjane aliyekuja huku kutoka magharibi kufanya vibarua vya kupalilia mahindi, yangu yakiwemo, na siku hizi huuza mboga. Nilisimama wima nikitazama mbele, kama nilivyozoea kwenye gwaride la shule. Nilipogeuka, nyuma yangu walikuwepo wazee wenzangu wachache, mmoja wao akiegemea mti. Foleni ya Nafula ilifika hadi langoni mwa uwanja wa mkutano. Na katikati ya foleni hiyo, amejifunga leso yake ya kanisani, alisimama mke wangu.

"Mama Kiprono, umekosea mlolongo," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Sijakosea, Mwalimu," akanijibu, tena kwa sauti ya juu. "Nafula tunateka naye maji. Tukichoka, anachoka. Wewe maji unayakuta kwa mtungi."

Watu walicheka. Mpaka leo, nikipita kwenye kinu cha kusagia unga, nasikia: "Mwalimu amekuwa namba mbili darasani!" Mwingine anauliza, "Kwani darasa lilikuwa na watu wangapi?" Wanajibu pamoja, "Wawili!"

Tangu siku hiyo sina amani. Cheptoo akifika hunisalimia vizuri, "Habari ya asubuhi, Mzee?" kisha hunipita akiuliza, "Mwenyekiti yuko wapi?" Jina hilo nililivaa miaka mingi hata nikadhani nilibatizwa nalo. Mimi nilipowaita watu kazini, walikuja wakiburuta miguu. Nafula akipita tu njiani akiimba, wanatoka na majembe na wanamwitikia. Nimewahi kusimama nyuma ya ua nikiomba mvua inyeshe waharibikiwe. Ndiyo, mimi, mzee wa kanisa.

Sasa mtaro umefika kwenye ua wangu na kusimama. Ng'ambo ya shamba langu ziko nyumba nyingi na shule. Nimeulizwa mara kadhaa, nami hujibu, "Nitafikiria." Fundi amepima njia nyingine, lakini huko ni mwamba mtupu. Kila mtu anajua ni mimi ninayewazuia, na hakuna anayethubutu kuniambia.

Juzi Nafula alikuja kwangu. Alikataa kiti, akasimama karibu na ghala.

"Mwalimu, ni hii kazi ya mwenyekiti inakusumbua?"

"Nani amekuambia ninasumbuka?"

"Kijiji kizima. Hata ng'ombe wako wanajua." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ichukue. Jumamosi watu wakija na majembe, nitasema mbele yao kwamba nimechoka, uendelee wewe. Maji yapite tu. Mgongo wangu hauulizi mwenyekiti ni nani."

Akaaga, akaenda zake. Wasomaji, laiti angalinitukana! Kitu ninachokililia mimi, yeye yuko tayari kukitupa kama ganda la ndizi. Nilidhani ninamwonea wivu kwa sababu ya cheo. Sasa ninamwonea wivu kwa sababu anaweza kukiacha.

Nikikubali, nitakuwa mwenyekiti wa kuhurumiwa, na mke wangu atalijua hilo kila atakaponiwekea chakula mezani. Nikimwachia kazi yake, nitasimama mbele ya kijiji nikiwa mzee wa kawaida mwenye jembe, nikianza kuchimba mtaro unaoongozwa na mwanamke aliyenipalilia mahindi. Nikikaa kimya, watoto wa shule wataendelea kuteremka bondeni na vibuyu vyao.

Kesho ndiyo Jumamosi. Asubuhi hii nimekuta jembe limeegemezwa mlangoni, limeoshwa, mpini umekazwa. Mke wangu anakamua ng'ombe huku akiimba ule wimbo wa Nafula.

Nishaurini, tafadhali, na wenye matusi wayaweke kando. Nikiliinua jembe hilo, niliinue kama nani?