Mpika Samli wa Sepuka Aliyepungua Debe Zima

Povu jeupe linapanda juu ya siagi inayochemka, na Kristina Ntandu analiengua kwa upawa mrefu, akilimwaga kwenye kibuyu kilichokatwa katikati. Ni saa mbili asubuhi katika kituo cha samli cha Sepuka. Kijiko cha kuonjea kimelala kando yake, lakini hakigusi. Anamwita wifi yake, Dina, aje aonje.

"Mimi nimekwisha onja ya kutosha maishani," anasema.

Kristina ana miaka arobaini na minne, na kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na sita. Wanawake wa vijiji vya jirani huleta siagi asubuhi. Yeye huiyeyusha, huichuja na kuitia kwenye madebe yanayopelekwa Singida kwa lori. Kila sufuria lazima ionjwe.

"Nilianza kuonja kwa kijiko, halafu kwa tonge la ugali, halafu kwa sahani nzima," anasema akicheka.

Mwaka jana alipanda kwenye mizani ya kituo, ile ya kupimia madebe, ikasoma ratli 216. Debe moja la samli lina ratli 36, kwa hiyo wenzake wakampa jina: Mama Madebe Sita. Hakukasirika. Katika vijiji hivi mke mnene ni sifa ya mume, na mumewe, Manase, alikuwa akitembea kifua mbele.

Taabu ilikuwa ngiri. Ilitokeza kitovuni alipozaa mtoto wake wa mwisho, na kila mwaka ikakua. Oktoba 1957 ilibana akiwa hapa hapa motoni. Alianguka, akapakiwa kwenye lori la samli hadi hospitali, Singida.

Daktari Mwingereza alifaulu kuirudisha ndani, lakini alimwambia kwa Kiswahili cha polepole kwamba ikibana tena inaweza kumuua. Ilipasa kushonwa. Hata hivyo hakukubali kumpasua akiwa na unene ule, kwa kuwa nyuzi zingeweza kuachia, na dawa ya usingizi ingekuwa ya hatari kwake. Alimtaka ashuke kwanza hadi ratli 180.

"Yaani madebe matano," anasema Kristina. "Nilijaribu kujinyima mwezi mzima, nikapungua ratli tatu. Utajinyima vipi na mikono yako imo kwenye samli tangu asubuhi?"

Mwanzoni mwa Desemba daktari akamwandikia vidonge vya kukata hamu ya chakula: kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kwa wiki nane tu. Hakumficha kitu. Alimweleza kwamba vinaweza kuuendesha moyo mbio na kufukuza usingizi, na kwamba wako watu waliovizoea wakashindwa kuviacha. Kila wiki ilimbidi aende zahanati kwa Samweli, dresa anayehudumia wagonjwa pale, apimwe mapigo ya moyo.

Vidonge havikuwa vya bure. Chupa ya vidonge sitini ilikuwa shilingi kumi na nane dukani Singida, na alihitaji chupa mbili. Mshahara wake ni shilingi hamsini kwa mwezi. Manase aliuza mbuzi.

Matokeo yalionekana wiki ya kwanza. "Njaa ilipotea kama mtu uliyemtuma dukani asirudi," anasema. Lakini mdomo ulikauka, usingizi ukakatika, na hasira zikawa karibu. Siku moja mkono ulitetemeka akamwaga samli ya moto kwenye mguu wake. Kovu bado jekundu. Samweli alihesabu mapigo, akampelekea daktari barua. Jibu lilikuja kwamba kidonge cha adhuhuri kikatwe nusu. Baada ya hapo alilala.

Kaka zake waliposikia anakonda, walikuja kumhoji Manase.

"Shemeji, dada yetu tulikupa mnene. Huyu uliye naye ni nani?"

"Nendeni mkamwulize daktari," Manase aliwajibu. "Mimi mbuzi wangu ameuzwa ili huyu akonde!"

Januari ilileta jambo ambalo Kristina analisimulia kwa sauti ya chini. Mvua zilikuwa zimechelewa, na vihenge vingi vilikuwa vimebaki vumbi. Dina, mdogo wake Manase na mama wa watoto watatu, alimfuata nyumbani.

"Wifi, nasikia una dawa ya kuua njaa."

"Ni ya unene, Dina."

"Njaa ni njaa. Nipe, ili unga nilio nao niwaachie watoto."

Kristina alimpa vidonge vinne. "Nilimhurumia," anasema. "Nikaona ni kama nampa chakula."

Kesho yake Dina alimeza viwili kwa pamoja, akachukua jembe, akapalilia uwele hadi alasiri bila kula wala kunywa maji. Majirani walimkuta ameanguka kati ya matuta, wakambeba hadi zahanati.

"Sikusikia njaa hata kidogo," anasimulia Dina mwenyewe. "Nilijiona nina nguvu za ng'ombe wawili. Halafu moyo ukawa unapiga hadi masikioni, na macho yakaingia giza."

Samweli alimnywesha maji, kisha uji, kidogo kidogo, akakaa naye hadi moyo ulipotulia. Kristina alipofika alikiri mara moja: "Bwana Samweli, ni mimi niliyempa."

"Mama," Samweli alimjibu, "dawa ile imeandikwa kwa mwili wako, wenye akiba. Kumpa mtu asiye na chakula ni kama kumziba mdomo mtoto anayelia."

Tangu siku ile chupa ilikaa zahanati, na Kristina alikwenda kila siku kumeza mbele yake.

Wiki nane za vidonge zilikwisha wiki mbili zilizopita, na njaa imerudi. "Imekuja na ndugu zake," anatania. Anakula ngumi moja ya ugali wa uwele kwa mlenda, bila samli. Jumamosi alipanda mizani, na karani Laurenti akapaza sauti: "Jamani, debe moja limeibiwa!" Ratli 179.

Daktari amempa siku: Jumanne ijayo.

Akiulizwa kama dawa ile ni nzuri au mbaya, Kristina anajibu: "Ilinisaidia, na ilinitisha. Chupa ya tatu nisingeitaka hata bure. Namshukuru daktari aliyeniambia yote, namshukuru Samweli kwa kutonifukuza, na Manase kwa mbuzi wake. Na Dina kwa kuwa hai."

Upasuaji anauogopa, hasa dawa ya usingizi. Lakini anataka kuinua mtungi wa maji tena bila kushika kitovu. Atapumzika miezi miwili, na mkuu wa kituo amekubali Dina ashike nafasi yake. Mshahara wa miezi hiyo utakuwa wa Dina, na watoto wake watakula wakingoja mavuno.

Kwa hiyo leo Dina anafundishwa. Sufuria ya pili iko motoni, naye ameinama kando yake. Samli haiivi kwa macho tu. Maji yakiwamo bado, hutatarika kwa kelele, na yakiisha hunyamaza.

"Unasikia?"

"Bado inasema, wifi."

Baada ya muda Dina anainua kichwa. "Sasa imenyamaza." Anavuta kuni nje haraka.

Kristina anachota kidogo kwa upawa, anauinamisha kwenye mwanga. Matone ya maji yanaonekana chini.

"Umewahi mno kuvuta kuni, maji bado yamo."

"Niwashe tena?"

"Kuni zilizobaki hazitoshi, na lori litafika kabla haijaiva." Anafunika sufuria kwa kitambaa safi na kukikaza pembeni. "Iache ilale hivi hivi. Kesho utaiwasha wewe, na mimi nitakaa mlangoni. Sitasema kitu."

"Hata nikikosea?"

"Hata ukikosea. Jumanne sitakuwepo."