Pancha Mbili za Njia ya Kivinje

Habari ililetwa na dereva wa landrova ya kilimo, aliyepanda kwetu kuleta dawa ya mikorosho: mama yangu, aliyebaki Kilwa Kivinje, hali yake mbaya, na ananitaja. Dereva akakubali kunichukua asubuhi akishuka. Nilitaka nimuwahi, nikae kichwani pake, nimtamkishe shahada. Sikumwomba Mola zaidi ya hilo.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa hakijatimiza mwaka, watu bado walipotea njia ya kwenda kwa jirani. Mimi nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, nimehamishwa pamoja na wanafunzi wangu. Msikiti ulikuwa wa fito, ila birika la kutawadhia tulikuwa tumeshalijenga kwa saruji.

Tulipotaka kuondoka, tairi moja la nyuma lilikuwa limelala. Dereva akalifungua, akatoa mpira wa ndani, akaujaza upepo kwa pampu ya mkono. Upepo ulitoka, lakini hakujua unatokea wapi. Akautia begani, akaelekea kwenye birika.

"Usitumbukize humo!" nikapiga kelele.

"Maalim, bila maji nitalionaje tundu?"

"Umeuburuza kwenye mavi ya mbuzi. Na birika lenyewe halifiki kulateni, kile kipimo cha maji mengi yasiyoharibiwa na najisi; litanajisika. Watu watatawadha na nini?"

"Hiyo kulateni ndiyo madebe mangapi?"

Somo hilo nilikuwa nalifundisha kila mwaka, lakini pale likanitoroka. Nilisema hivi, kisha nikasema vile. Je, safari ya mgonjwa si dharura? Je, mpira ukioshwa kwanza? Na maji ya kuuosha yatoke wapi? Jua lilipanda, mama yangu anaumwa, na mimi nimeinama napima birika kwa shubiri.

Bibi mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akasimama, akatusikiliza.

"Nyinyi wanaume, kwani maji hayo hayachoteki?"

Akachota, akamimina kwenye karai la zege lililokuwa pembeni, akaenda zake akicheka. Dereva akazungusha mpira mle karaini kipande kwa kipande mpaka povu likatokea. Akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka. Kisha akataka kulipapasa tairi kwa ndani. Nilikuwa nimejaa aibu kwa muda nilioupoteza, nikamhimiza:

"Funga, baba, twende. Tumeshachelewa."

"Haya. Mwenye safari ni wewe."

Kabla hatujafika Nangurukuru tairi lile lile likalala tena. Nilichanganyikiwa. Nilidhani ninaadhibiwa, ila sikujua kwa kosa gani, maana maji hatukuyanajisi. Dereva akautia mpira kwenye dimbwi la kando ya barabara. Kiraka kilikuwa kimeshika vizuri. Tundu lilikuwa jipya, upana wa kidole kutoka kwenye kiraka. Nikaingiza mkono ndani ya tairi, nikapapasa taratibu, mara kidole kikachomwa. Ulikuwa mwiba, umevunjikia ndani, kwa nje hauonekani kabisa.

"Ndiye huyo," dereva akasema. "Tungempapasa kule kijijini, saa hizi tuko Kivinje, maalim."

Hakusema kwa ubaya. Aliung'oa kwa koleo, akaanza upya na msasa wake.

Tuliingia Kivinje baada ya alasiri. Nilipoona wanawake wamekaa chini barazani nilielewa. Jirani wa mama, niliyemwita shangazi tangu utoto, akanishika mikono yote miwili.

"Amekwenda adhuhuri, mwanangu. Nimemtamkisha mimi. Ametamka mara mbili, vizuri kabisa."

"Alinitaja?"

"Alikutaja. Nikamwambia uko njiani."

Tulimzika kabla ya magharibi. Alhamdulillahi, hakuondoka peke yake, na ulimi wake ulikuwa mwepesi.

Nimewafundisha watu miaka mingi kwamba saa ya mtu haisogei mbele wala nyuma, na ninaamini hivyo. Lakini mpaka leo, nikimaliza kuvuta uradi baada ya sala, najikuta nahesabu: muda wa birika, muda wa mwiba, mwendo wa gari. Siku nyingine hesabu inanifikisha kwake, siku nyingine hainifikishi. Namshukuru Mola kwa shangazi yule. Kisha nakumbuka alivyomwambia mama kuwa niko njiani, na sijui kama neno lile lilimtuliza, au lilimfanya aendelee kuutazama mlango.