Mchanga Unaonukia

Wiki iliyopita nilisimama kwenye kibanda cha samaki wa mapambo hapa Songea mjini, roho juu. Samaki wetu wa kwanza alikufa siku ya pili tu, na mimi nikaushuku mchanga tulioununua hapo na kuutandaza ndani ya tangi, maana binti yangu anatumbukiza mkono humo, halafu vidole mdomoni!

"Kaka, mchanga huu unatoka wapi?"

"Mtoni, dada."

"Mto upi? Isije ikawa ndiko wanakosuuzia mabomba ya kunyunyizia dawa mashamba ya tumbaku."

Muuzaji akacheka bila kunitazama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Msafi huo, dada. Acha wasiwasi."

Nikachota kidogo, nikaunusa. Ulinukia kama shuka lililotoka kuanuliwa. Hapo nikaogopa zaidi.

"Umeuosha na nini?"

Akajinyoosha. "Sabuni ya unga. Mara mbili!"

Mama mmoja aliyekuja kununua chakula cha samaki akashika kiuno. "Basi samaki wako wanakufa wakiwa wasafi."

"Shikamoo mama," muuzaji akasema. "Kwani sabuni inawadhuru?"

"Marahaba. Wewe ungeweza kuvuta pumzi ndani ya povu?"

Nyumbani nimeuosha mchanga mwingine kama mchele, kwa maji matupu, mpaka nikaona vidole vyangu ndani ya beseni. Samaki mpya ana siku nne, na kila asubuhi namchungulia kabla mtoto hajaamka.

Muuzaji nimemsamehe. Wateja wote tulimuuliza kama mchanga ni msafi. Hakuna aliyemuuliza kama samaki ataweza kuishi humo.