Zumaridi ya Mwezi wa Tano

Haya niliyaona mchana, akili zangu timamu, lenzi ya kazi mkononi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Sikusimuliwa na mtu. Shahidi wangu ni mdomo wangu wa chini, na utaelewa ni kwa nini.

Mwaka wa hamsini na tano nilikuwa nikifanya kazi kwa sonara mmoja mjini Nakuru. Shule niliiachia darasa la nne. Habari za vito nilijifundisha mwenyewe. Ukutani palikuwa na kalenda kuukuu iliyoonyesha jiwe la kila mwezi wa kuzaliwa, nami niliinakili mara nne mpaka mwandiko ukanyooka: almasi ya Aprili, zumaridi ya Mei, lulu ya Juni, yakuti ya Julai, feruzi ya Desemba. Ndivyo nilivyo. Kitu kikiwa na kasoro ya unywele, silali.

Tabia hiyo ndiyo iliyoniponza. Msichana mmoja wa Bondeni, Perpetua, alileta pete ya marehemu mama yake ipunguzwe imtoshe. Mama huyo alikuwa yaya kwenye shamba la ngano huko Mau Narok, na memsahib wake, mke wa mzungu mwenye shamba, alimpa pete hiyo alipomzaa Perpetua, mwezi wa tano. Ilikuwa na zumaridi ndogo kama punje ya mtama. Harusi ilikuwa Jumamosi.

"Fundi, nimebaki na hii tu ya mama," aliniambia. "Uichunge kama jicho lako."

Nilitoa jiwe, nikakata pete, nikaiunga, nikarudisha jiwe. Kazi safi. Lakini kwa lenzi niliona mstari kwenye kiungo, mwembamba kiasi kwamba hakuna mwingine angeuona. Ningeuacha? Mimi? Tajiri wangu alikuwa amesafiri, hakuna wa kuniambia yatosha. Nikairudisha pete motoni, jiwe likiwa ndani. Zumaridi haivumilii moto. Hilo nililijua kuliko jina langu. Ilifanya "tik", ikapasuka vipande viwili.

Sasa nakiri. Nilivunja chupa ya kijani, nikasugua kipande chake siku nzima, nikakiweka mahali pa jiwe. Niamini, kilipendeza kuliko zumaridi yenyewe. Vile vipande viwili nilivificha ndani ya kiberiti.

Alhamisi saa tisa, mvua ikinyesha kweli kweli, mama mmoja aliingia dukani. Kitambaa cha kichwa amekifunga fundo upande wa kushoto, kucha ya kidole gumba imepasuka katikati. Nilitazama sakafu nikiogopa matope. Hapakuwa na hata tone.

"Habari ya kazi, fundi?"

"Nzuri, mama. Karibu."

"Wanasema unajua mawe ya miezi. Mwezi wa tano ni gani?"

"Zumaridi," nikajibu upesi, kwa majivuno.

"Na chupa ni ya mwezi gani?"

Aliichukua pete mezani bila ruhusa. Sisi mafundi hupulizia jiwe pumzi: kioo hushika ukungu, jiwe la kweli huutupa mara moja. Naye akafungua mdomo, akaipulizia kama aliyezoea. Kile kijani kikabaki kikavu, kinang'aa. Nikafurahi kama mjinga!

"Unaona, mama? Ni jiwe."

"Pulizia wewe."

Nikapulizia. Ukungu ukatanda, ukakaa.

"Haya," akasema. "Pumzi yako tumeiona. Yangu je?"

Akaisukuma pete kuelekea kwangu. "Sasa pima kwa mdomo." Hiyo nayo ni njia yetu: jiwe huwa baridi, kioo hupata joto haraka. Niliigusisha mdomoni. Baridi iliyonipiga haikuwa ya jiwe wala ya kioo. Ilikuwa ya alfajiri ya Mau Narok, umande umeganda juu ya ngano.

"Mwambie mtoto wangu kabla hajaingia kanisani," akasema. "Asiape na chupa."

Nilipoinua macho, hakuwepo. Kengele ya mlango haikulia.

Ijumaa Perpetua alikuja. Nilimwambia yote, nikafungua kiberiti mbele yake.

"Wewe! Ungeniacha niolewe na chupa ya bia?" alifoka. Kisha akanikazia macho. "Nani alikushika?"

Nikamweleza fundo, nikamweleza kucha. Akakaa chini.

"Hiyo kucha aliipasua na shoka, akikata kuni za memsahib," akasema polepole. "Na hilo fundo nililifunga mimi, siku tunamzika."

Akagusa kipande kikubwa. "Niwekee hiki."

"Kina ufa."

"Si nimesema?"

Nilikiweka bila moto, na mstari wa kiungo nikauacha. Jumamosi akaapa nacho.

Tangu siku hiyo mdomo wangu wa chini haujapata joto. Chai ikichemka naihisi kwa mdomo wa juu tu. Kupima vito kwa mdomo siwezi tena, kila kitu kwangu ni baridi. Huwaomba wateja wapime wenyewe.

Basi nawe uliyeshika kitu cha mtu, ukikiharibu, sema siku hiyo hiyo. Aliyekuletea huenda si mwenye kitu hicho peke yake. Na mteja akiingia kwenu siku ya mvua, kabla hujamjibu kwa majivuno, tazama sakafu.